Kochi Lisiloshiba Mafuta

Fundi alilipaka kochi mafuta saa tatu asubuhi. Saa nne lilikuwa kavu tena, limepauka kama halijaguswa.

"Linakunywa kumshinda kaka yako," fundi alimtania mkewe.

"Mwache kaka yangu. Lete kopo jingine."

Kazi hiyo ya kufufua makochi ya ngozi waliifanya wawili, hapohapo sebuleni kwao. Mume alisugua uchafu kwa brashi na sabuni, mke alishona palipofumuka. Mafuta mapya yalijaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono wa mke, maana ngozi ya hapo ni laini. Yakimwasha, hayagusi kochi. Kitambaa cha kujaribia kila mara kilitupwa papo hapo. Siku ile fundi, kwa uvivu tu, hakukitupa. Alikichovya tena kwenye kopo akaendelea kulipaka kochi.

Kufika mchana ngozi ililainika, ikang'aa. Fundi alifurahi mno, mpaka mkewe alipomwonyesha mkono. Ulikuwa umepauka hadi kwenye kiwiko, nyufa tupu.

"Mafuta yamekudhuru?"

"Si mafuta," mkewe alinong'ona. "Kuna kitu kinaninyonya, mume wangu."

Kesho yake nyufa zilifika shingoni. Kochi likawa na joto, likanuka jasho la mkewe, harufu ambayo fundi angeitambua popote. Alichukua kisu aing'oe ngozi ile yote, lakini alipokata uzi wa kwanza mkewe alipiga ukelele chumbani, alipokata wa pili damu ikamtoka shingoni, na fundi akazishona upya nyuzi zile mbili huku akiliomba kochi msamaha.

Mganga alipoitwa, hakuvuka hata kizingiti. Alinusa hewa, akarudi nyuma.

"Huyu jini simwezi."

"Si unawafukuza kila siku?"

"Nafukuza aliyevamia. Huyu alikuwa amelala humo, nyinyi mkamwonjesha mtu kwa mikono yenu."

Alipoondoka, fundi alivua shati, akajipaka mafuta mikononi, kifuani na shingoni, akajisugua kwa kitambaa kilekile mpaka akachubuka, kisha akakigandamiza kwenye mgongo na mikono ya kochi, kwenye kila mshono, akilia bila haya, akisema, "Nichukue mimi, nina nguvu, nina damu, mimi ndiye niliyekosea, mwache huyu," akapiga magoti sakafuni kusubiri ngozi imnywe kama ilivyomnywa mkewe.

Mafuta yake yalibaki juu, matone matone. Hakuna hata moja lililoingia.

"Limekubali?" mkewe aliuliza kutoka chumbani, sauti ikikwaruza.

Fundi alitazama kochi linavyong'aa, jipya kabisa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

"Linakubali, mke wangu," alisema. "Vumilia kidogo."