Jina Moja, Tabia Mbili

Muuza mtindi alikuwa ameshavuka geti, begi kichwani, ndoo mkononi. Wifi yake alimsindikiza kwa maneno.

"Nenda! Umemlisha kaka yangu uchafu, sasa hajitambui."

"Wifi, mtindi ule tulikunywa sote. Wewe hata bakuli ulilamba."

"Mimi sikupasuliwa tumbo! Maabara imesema. Bakteria aliye kwenye damu yake yumo kwenye ndoo yako. Jina moja!"

Kweli, majibu yalisema hivyo. Mume wa muuza mtindi alipasuliwa, akawekewa mrija wa mkojo. Siku ya sita homa ikapanda. Na mkewe alikuwa akimpelekea mtindi kila siku.

Jirani yao, mpimaji wa maabara, alikuwa anatoka kazini. Akawasikia.

"Jina moja si tabia moja," alisema. "Ninyi wawili si mnaitwa binadamu?"

"Na mmoja wetu ana sumu," alijibu muuza mtindi.

Wifi akasonya.

Mpimaji hakucheka. "Bakteria wa jina hili wamo matumboni mwetu. Wapo wanaosaidia utumbo, wapo wanaoua. Kwenye darubini wanafanana kama mapacha. Lakini kila mmoja ana jenomu, yaani maagizo yote ya mwili wake. Tunayasoma yote, tunalinganisha. Mbaya ana maagizo ya kung'ang'ania mrija na kushinda dawa."

"Mnachukua muda gani?" aliuliza muuza mtindi.

"Siku nne."

"Atazifikisha?"

Mpimaji akageukia ndoo. "Nipe mtindi kidogo, tusome jenomu ya bakteria wake. Na siku nyingine, mgonjwa wa wodini usimpe kitu kabla ya kumuuliza daktari."

Muuza mtindi akampimia kikombe kimoja, akaenda zake kwa dada yake.

Siku ya nne majibu yakatoka. Bakteria wa mtindi hakuwa na maagizo yale mabaya. Wa kwenye damu alikuwa nayo yote, na alilingana na wa kwenye mrija na wa kwenye chuma cha kitanda. Mikono ya wahudumu isiyooshwa ndiyo iliyomhamisha. Daktari akabadilisha dawa.

Mume alikufa kesho yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikutwa na bakteria yule yule mapema, akapewa dawa sahihi, akarudi kwao kwa miguu. Wodini sasa wananawa kabla ya kugusa mrija, na mrija wenyewe hauchelewi kutolewa. Wifi alikwenda kuomba radhi. Alipewa kiti na maji, hakupewa jibu. Muuza mtindi bado anauza. Nusu ya wateja hawakurudi.