Mgonjwa Hana Mkwe

Siku ya gulio mjini Lushoto, steshenari ya karibu na soko hujaa watu utadhani karatasi zinagawiwa bure. Huyu anatoa nakala ya kitambulisho, yule anachapiwa barua ya kwenda serikali ya mtaa, na mzee mmoja anataka picha ya pasipoti lakini kofia hataki kuivua. Ndani ya vurugu hiyo akaingia kijana mrefu, majaketi mawili mwilini, ukosi wa sare nyeupe ya uuguzi ukichungulia shingoni, flashi mkononi, roho juu.

"Dada, samahani. Msimamizi wangu ananisubiri wodini, nina dakika ishirini tu."

"Na hawa wengine wamekuja kuota jua?" akajibu msichana wa kwenye kompyuta bila kuinua macho. Alivaa sweta ya zambarau juu ya gauni la kitenge, kilemba kimefungwa upande kwa madaha, na vidole vyake vilikimbia kwenye vitufe bila yeye kuvitazama.

Hata hivyo aliipokea flashi. Akafungua faili, akaanza kusoma kwa sauti, na foleni nzima ikasikiliza. "Mpango wa huduma ya uuguzi. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni... Kumbe wewe ni nesi?"

"Nasomea. Shahada, mwaka wa nne."

"Nesi mwanamume?"

"Sasa ndevu hizi umedhani za nani?"

Watu wakaangua kicheko. Msichana naye akacheka, akainua macho kwa mara ya kwanza, na hapo hapo umeme ukakatika. Karatasi ikabaki nusu ndani ya mashine, nusu nje. Nathanaeli, maana ndilo jina la kijana, akaanza kutembea kutoka kaunta hadi mlangoni, mlangoni hadi kaunta.

"Kaka, keti, utatoboa sakafu," msichana akamwambia. "Niachie namba. Umeme ukirudi nitakupigia."

Umeme ulirudi baada ya robo saa, akapiga. Kesho yake akapiga tena, eti kuuliza kama karatasi zilipokelewa. Tangu lini steshenari ikafuatilia karatasi za watu mpaka wodini? Nathanaeli hakuliuliza hilo. Aliuliza jina, akaambiwa Yunis.

Watu wawili wakipendana Lushoto, mji mzima unajua kabla yao wenyewe. Wiki sita hazikuisha kabla wauza pea wa sokoni hawajaanza kumwita Nathanaeli shemeji. Na simu nazo hazikupumzika.

"Umekula, nesi wangu?"

"Nimekula."

"Uongo. Tumbo lako nalisikia mpaka huku."

"Hilo ni jenereta la hospitali, mpenzi."

"Na baridi je?"

"Mimi mtoto wa Mnazi, Yunis. Kule bondeni tunalala milango wazi kwa joto. Huku navaa soksi tatu."

"Tatu? Kwani una miguu mingapi wewe?"

"Miwili. Ya tatu nauvisha moyo, maana ukiwa mbali nao unapigwa baridi."

Yunis alicheka mpaka akakata simu kwa bahati mbaya, akapiga tena ili amalizie kucheka.

Mapenzi yangemtuliza mtu mwingine, lakini Nathanaeli yalimzidishia kiherehere. Utafiti wake ulikuwa haujakamilika, kitabu chake cha vitendo kilikuwa na kurasa zisizosainiwa, mitihani ya mwisho ilikuwa inamsubiri chuoni, na Jumatatu baada ya wiki ya nane ya mafunzo ya vitendo basi lingemrudisha huko. Alikuwa akilala na kalamu sikioni. Yunis naye hakuwa na amani, ila yeye alijua kusema.

"Wanafunzi wa fildi nawajua," alimwambia siku moja wakila pea kwenye ngazi za duka. "Wanakuja, wanakula matunda yetu, wanaahidi, wanapanda basi. Mwenzangu mmoja mpaka leo anapiga namba haipatikani."

"Mimi siyo wao."

"Basi kabla hujapanda basi, wazazi wangu wa Lukozi wakujue. Ukipanda bila hilo, namba yangu uifute."

Hapo hakuwa anatania. Wakakubaliana: Jumamosi ya wiki ya mwisho, Yohane, baba mdogo wa Nathanaeli, angeongoza posa. Bahati ikawa upande wao, maana kwa wiki mbili za mwisho wanafunzi walitawanywa kwenye vituo vya afya vya vijijini, na Nathanaeli akaangukia kituo kilicho njia ya Lukozi. Alishamnunulia mama Yunis doti ya kanga yenye maneno "Nani kama mama", akawa anazunguka nayo kwenye begi kila siku, kwa hofu ya kuisahau.

Alhamisi saa nne asubuhi pikipiki ilifunga breki mlangoni mwa kituo. Dereva wake, Issa, alikuwa anapiga kelele kabla hajazima injini. "Jamani, mama huyu anavuja damu! Kateleza shambani, panga limemwingia pajani!"

Mama mwenyewe alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, uso umepauka, kitenge kimelowa chapachapa. Tabibu alikuwa ameitwa kwenye kikao mjini. Muuguzi kiongozi, Sesilia, alikuwa chumba cha kujifungulia, na kichwa cha mtoto kilishaonekana.

"Nathanaeli!" Sesilia akapaza sauti kutoka ndani. "Kandamiza jeraha, usiachie mpaka nije!"

Akavaa glavu, akakata kitenge. Jeraha lilikuwa juu kabisa ya paja, pale ambapo mtu hapataji mbele ya watoto. Akakunja shashi, akakandamiza kwa mikono yote miwili na uzito wake wote. Kisha akakumbuka wimbo wa kila siku wa Sesilia: fungua unapotibu tu, kwingine kote funika. Shuka za kituo zilikuwa kwenye kamba, zimetoka kufuliwa.

"Tatu," akamwita mhudumu wa usafi, "fungua begi langu, kuna kanga mpya. Mfunike mama."

Tatu akamfunika vizuri kwa kanga zote mbili, ikabaki wazi sehemu ya mikono miwili tu.

"Pole mama. Usilale, zungumza na mimi."

"Nizungumze nini, mwanangu, na mimi nakufa?"

"Hufi. Damu yako imeanza kunisikia."

Mama akatabasamu kidogo. "Hongea sana," akamshukuru kwa Kishambaa. Mara simu ikalia kifuani pake. Tatu akaichomoa, akabonyeza, sauti ikatoka nje kwa kishindo.

"Mama! Mbona hupokei? Nauliza, tuchinje kuku wawili au watatu? Natha anakuja na baba yake mdogo na mtu mwingine simjui. Halafu mama, usimtanie habari za unesi, ana aibu yule. Mama?"

Sauti ile Nathanaeli angeitambua hata usingizini. Lakini mikono haikuruhusiwa kulegea.

"Mama yuko kituo cha afya, anafungwa kidonda," Tatu akajibu bila wasiwasi. "Usihofu, atakupigia." Akakata.

Macho ya yule mama yakaenda kwenye beji ya kijana kifuani. Yakasoma jina herufi kwa herufi. Yakapanda usoni kwake, yakashuka kwenye mikono yake ilipokuwa. Akavuta kitambaa cha kichwani mpaka kikafunika macho, akageukia ukutani. Alibaki hivyo hivyo mpaka Sesilia akaja, mpaka tabibu akarudi na kumshona nyuzi tisa, mpaka akabebwa kwenda kwake na ile kanga.

Sasa mtu wa mbali atauliza, tatizo liko wapi? Mama amepona, kijana amesifiwa. Lakini Nathanaeli alilelewa na babu Mshambaa wa zamani, na kwa babu huyo mama mkwe alikuwa haguswi. Mzee alipokuwa akimwona mkwewe njiani, aliacha njia akaingia kwenye mahindi mpaka apite. Kumpa mkono mwiko, kula naye mwiko. Na yeye mjukuu, siku mbili kabla ya posa, alikuwa ameshika wapi? Hata kwa kujisemea mwenyewe hakuweza kupataja. Na yule mama aligeuka, kwa macho yake alimwona akigeuka. Kakataa, akajisemea. Kamwona mkwe asiye na haya, na kakataa.

Ijumaa jioni Yunis akapiga simu. Alikuwa ameshafika Lukozi.

"Natha, mama yangu alitibiwa hapo kwenu jana. Ulimwona?"

Nathanaeli alikuwa anazunguka uwanja wa kituo kwa mara ya kumi. "Yunis, habari za wagonjwa sisemi."

"Hata za mama yangu?"

"Hata za mama yangu mimi."

"Sijakuuliza ugonjwa! Nauliza nani alimhudumia, nimshukuru. Mama mwenyewe kila nikimuuliza ananiambia nikachote maji."

Siri ya mgonjwa ilikuwa kweli, kiapo ni kiapo. Lakini tusimpake mafuta kijana wetu: ndani ya kiapo hicho na aibu yake ilikuwa imejificha humo humo.

"Haya, yaache," Yunis akasema, sauti imeanza kubadilika. "Kesho mnafika saa ngapi?"

"Kesho... mpenzi, mwambie baba tuahirishe."

"Tuahirishe mpaka lini? Jumatatu si unapanda basi?"

"Kuna jambo, siwezi kulisema."

"Sema tu una mwingine chuoni!"

"Sina!"

"Mna maneno yale yale nyote. Jambo, siwezi, tuahirishe. Nathanaeli, umekula pea zetu, umeshiba. Safari njema."

Simu ikakatwa. Alipiga mara saba, haikupokelewa. Akampigia baba mdogo Yohane asije, na baba mdogo akamuuliza kama ameugua, na yeye akasema hapana, halafu akasema ndiyo.

Jumamosi alifika kazini kabla ya wote. Akapima shinikizo la damu la watu waliokuja kusindikiza wagonjwa, akapanga dawa zilizokwisha pangwa.

"Una nini wewe?" Sesilia akamuuliza. "Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Usinitajie kuku, dada."

Saa nane mchana pikipiki ya Issa ikaingia taratibu, imebeba mizigo miwili ya thamani. Mama alishuka kwanza, fimbo mkononi, kiunoni kanga moja na nyingine kichwani, zote za "Nani kama mama". Nyuma yake Yunis, gauni la manjano alilolishonesha kwa ajili ya wageni, macho mekundu.

"Watatu, Nathanaeli," ndilo neno la kwanza la Yunis. "Nilishindwa kumwambia baba, nikachinja kuku watatu."

Nathanaeli akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, uso ameuelekeza kwenye mlango wa stoo.

Ilikuwa siku yake ya kusafishwa kidonda. Kijana hakujua afanye nini, na mtu asiyejua la kufanya hushika kazi. Akanyoosha mkono kuchukua glavu.

"Sesilia," mama akasema, kana kwamba Nathanaeli hayupo, "mwambie huyo kijana aziweke hizo glavu."

Nathanaeli akaziweka. Basi ndiyo hivi mtu anavyokataliwa, akawaza, kwa kupitia mtu wa tatu, mchana kweupe.

"Mwambie, Alhamisi alinishika nikiwa mgonjwa. Mgonjwa hana mkwe. Angeona haya siku ile, leo mngekuwa mnanizika. Lakini leo mimi siyo mgonjwa wake. Leo nina mkwe, na mkwe hanifungi kidonda. Nifunge wewe."

Akaivuta kanga kichwani, ikafunika macho, akageukia ukutani.

Nathanaeli akatazama mgeuko ule. Ulikuwa ndio ule ule wa Alhamisi, kitambaa kushushwa machoni vile vile, bega lile lile. Mama alipolisoma jina kwenye beji, hakumfukuza hata kidogo. Alimpa heshima ya mkwe palepale kitandani, damu inamtoka. Na yeye, mjukuu wa mzee aliyekuwa akijificha kwenye mahindi, hakuitambua. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya kwanza, lakini hii ilikuwa tamu.

Yunis akamvuta nje kwa mkono wa sare. "Ungeniambia."

"Nisingeweza. Alikuwa mgonjwa wangu."

"Najua. Mama kaniambia leo, nilipokuwa nakutukana huku nanyonyoa kuku wa tatu. Kaninyamazisha kwa fimbo." Akafuta jicho. "Nikakaa nikafikiri. Mtu anayetunza siri ya mama yangu hata mbele yangu, na yangu ataitunza. Ila aibu yako, Natha! Aibu yako ingetuua wote wawili."

"Kuku bado wapo?"

"Wawili. Mmoja nimemla kwa hasira."

"Yunis, utanioa nikiwa hivi hivi, na kiherehere changu?"

"Nani kakwambia mwanamke ndiye anayeoa? Mpigie baba mdogo. Nitaolewa na wewe hivyo hivyo, lakini kwenye nyumba yangu utakaa kitini."

Akapiga simu. Baba mdogo alikuwa amekwisha vaa suti tangu asubuhi, hakuamini kabisa habari ya kuugua.

Mlango ukafunguliwa, mama akatoka akichechemea kuelekea kwenye pikipiki. Njia ilikuwa nyembamba, na Nathanaeli alikuwa amesimama katikati yake. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha, na sare yake nyeupe na viatu vyake vyeupe, akaacha njia, akaingia ndani ya shamba la kabeji la jirani, akainama huko amegeuka mpaka mkwe wake apite.

"Nesi, utachafuka!" Yunis akapiga kelele huku anacheka.

Mama hakugeuka. Lakini Issa, aliyekuwa amemshikia pikipiki, alisimulia baadaye kwamba alimwona chini ya ile kanga, na alikuwa anacheka mpaka machozi.