Unyoya wa Fundi Majidi

Haya yalimkuta rafiki yangu Abdulmajidi, fundi rangi wa Singida mjini, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na matajiri wakataka kuta zao zifanane na marumaru. Michirizi aliichora kwa unyoya wa kuku, ncha akiichonga kwa ulimi. Kinyaa kitupu!

"Fundi, humu ndani usilambe," Bi Johari, mwenye nyumba aliyokuwa akiipaka, alimkanya.

"Sawa, mama." Akaendelea kulamba.

Umeme ukakatika akiwa koridoni. Akauweka unyoya juu ya kopo, akasubiri. Gizani akasikia chwa, chwa, kama ng'ombe anayemlamba ndama.

Umeme uliporudi, hakuona mtu. Akauchukua unyoya, kwa mazoea akautia mdomoni. Ulikuwa umelowa mate mazito, ya uvuguvugu, yanayonuka nyama iliyooza, na ncha imeshachongwa vizuri kuliko alivyoweza yeye.