Mechi ya Kumi na Tatu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi.

Yaani mahali ambapo vumbi halikuwepo! Juu ya meza, mraba mmoja safi, kama mtu ameupangusa.

Cherehani ya marehemu mama haikuwepo.

Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo. Na funguo zilikuwa mbili tu... wangu, na wa kaka yangu Guerschom.

Wapendwa, nilitafuta hata chini ya kitanda.

Cherehani ile ndiyo iliyotulisha tangu tufike Kampala kutoka Bukavu. Nilikuwa nashona vitenge hapa Kabalagala, yeye anabeba mizigo sokoni.

Nirudi nyuma kidogo.

Guerschom alikuwa na wazimu wa mkeka, ile tiketi ya kubashiri mechi. Kila Jumamosi mechi kumi na tatu, kwa elfu mbili. Zote zikitiki, milioni sabini! Moja ikikataa, hakuna kitu.

Lakini aliamini mkono wake una nuksi. Kwa hiyo aliandika mechi zake kwenye karatasi, akanipa na pesa, mimi ndiye niende kumwekea.

"Mkono wako ni safi, Darlène. Weye hujawahi kugusa cha mtu."

Tena hakutaka hata kuiona tiketi mpaka mechi zote ziishe, na moja ikikataa haiulizi tena. Eti macho yake yanafukuza bahati!

Mama Namalwa, Mkenya anayekaanga chapati getini kwetu, alikuwa hamwachi.

"Guerschom, milioni zimefika?"

"Ziko njiani, mama."

"Njia gani hiyo? Zinapitia Kinshasa?"

Watu wanacheka. Mimi nainama. Nina haya sana, hata bei ya kushona naitaja kwa kunong'ona.

Basi ikafika Jumapili moja, mechi kumi na mbili zikatiki.

Kumi na mbili, jamani!

Tukasimama kwenye nyumba ya kamari, mbele ya runinga. Ya kumi na tatu, timu yetu inaongoza bao moja. Dakika ya themanini na tano. Watu tusiowajua wanampiga bega.

"Tajiri! Usitusahau!"

"Ssebo, bwana wangu, nioe hata mimi!"

Guerschom akanishika mkono. Jasho tupu.

"Tiketi iko wapi?"

"Ipo, Yaya." Ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu kwetu.

"Usinionyeshe! Bado!"

Meno yangu yalikuwa yanagongana. Akadhani ni furaha.

Dakika ya tisini na tatu... kona... kichwa...

GOLI!

Wamesawazisha.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alicheka! Macho yake yaliwaka, na macho yale nayaona mpaka leo, hata nikiwa natunga uzi kwenye sindano.

"Umeona, Darlène? Tumekosa mechi moja! Moja tu! Bahati imeshaijua nyumba yetu."

Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani.

Siku mbili baadaye, ndiyo nikaukuta ule mraba juu ya meza.

Nilikimbia mpaka nyumba ya kamari. Nikamkuta ameketi sakafuni, tiketi mkononi. Safari hii aliweka mwenyewe. Laki tatu za cherehani, zote, kwa mechi tano. Ya pili ilikuwa imeshakufa.

"Yaya... umefanya nini?"

"Nilitaka nikununulie cherehani za umeme, mbili." Hakuniangalia. "Tulikuwa karibu, Darlène. Karibu kabisa."

Akasimama, akatoka. Nilisubiri arudi kula.

Mwaka na miezi miwili sasa. Wanaotoka kwetu wanasema yuko kwenye mashimo ya dhahabu. Mwingine anasema shimo moja lilianguka, hajui majina. Simu yake inaita mara moja, inakatika.

Wewe unayesoma hii ukiwa na mkeka mfukoni, nisikilize. Kukosa mechi moja na kukosa zote kumi na tatu ni kukosa kulekule. Ila aliyekosa zote hurudi nyumbani akalala. Aliyekosa moja huuza cherehani ya mama yake.

Watu wa hapa wanasema kamari imemla Guerschom. Mimi huitikia kwa kichwa tu.

Yaya, kama bado unafungua ukurasa huu, soma. Hatukuwa karibu. Hakukuwa na tiketi.

Jumamosi thelathini, sikuweka hata mkeka mmoja. Elfu mbili zako nilinunulia unga wa muhogo na dagaa. Ulikula, ukanisifu kwamba najua kupanga pesa. Na katika zile thelathini, hakuna hata moja ambayo ingelipa.

Ningekwambia jioni ile ulipokuwa unacheka, usingeuza kitu. Niliogopa uso wako.

Na lile goli la dakika ya tisini na tatu, Yaya... mimi ndiye niliyeliomba.