Zamu ya Sombun

Kiti kilikuwa cha moto. Orathai alikibeba alfajiri kutoka kijiwe cha bodaboda hadi nyumbani, mvua ikimnyeshea, na bado plastiki ilikuwa na joto kama mtu ndiyo kwanza ameinuka. Akapuuza. Huyo akishapenda kitu, humwambii kitu.

Na hiki alikipenda hasa. Mguu mmoja ulivunjika, mtu akaufunga gango la mwanzi na mpira wa ndani wa tairi, fundo juu ya fundo. Kazi zake zote za sanaa zilitoka barabarani hivyo: makopo ya saruji ya kushikia nafasi za magari, miavuli iliyoshonwa kwa waya. Wala hakujiona mwizi, maana palepale aliacha kiti kipya cha dukani. Mumewe, Chanon, mtu wa mzaha, alisema Bangkok nzima itabaki imesimama.

Siku hiyohiyo karakana yao ya nyumbani, alimokiweka kiti, ikaanza kunuka petroli. Chanon akasaka kila pembe, wapi! Kesho yake mchana wakasikia pikipiki ikiunguruma polepole, mlemle ndani, milango imefungwa, na chini ya kiti pametota oili. Chanon akachukua tambara apanguse. Orathai akatoka mbio kwenda kuuliza kiti ni cha nani.

Shangazi Nuan, muuza tambi wa pale kijiweni, hakumkaripia, na hilo lilimtisha zaidi.

"Ni wewe uliyekichukua?"

"Nilidhani nimewaachia kizuri zaidi, Shangazi."

"Cha Sombun kile. Alikifunga mwenyewe. Alikufa amempakia abiria, hakumfikisha." Akashusha sauti. "Hapa zamu yake ikifika, madereva humwambia, kaka, pumzika, huyu tutampeleka sisi. Kila siku. Huko kwako nani anamwambia?"

Orathai hakuaga, alikimbia katikati ya magari akiyarudia maneno yale yasimtoke, kaka pumzika, kaka pumzika, ndara zikamvuka akaziacha, na kabla hajashika kitasa akasikia kutoka ndani sauti nzito, ya upole, ya mtu aliyezoea kuuliza, ikisema, "Unakwenda wapi, kaka?" na mumewe, akidhani ni jirani anamtania, akajibu huku anacheka, "Sokoni, na usinizungushe."

Injini ikavuma, kisha ikafifia, kana kwamba imekwenda mbali.

Mtawa aliletwa, akasoma, akanyunyiza maji. Kiti kikarudishwa kijiweni na madereva wakamsihi Sombun kwa magoti. Harufu ya petroli ikaisha kabisa. Lakini Chanon amekaa kwenye benchi la karakana, miguu huku na huku, macho kayafumba, mikono imekumbatia hewa. Hainuki. Mara kwa mara mwili wake hulala upande, kama wanakata kona. Orathai humlisha uji kwa kijiko na kulia, kwa sababu hajui la kufanya, na hakuna anayejua.

Soko lenyewe liko uchochoro wa tatu tu.

Kila jioni humfuta usoni vumbi la barabarani, vumbi ambalo asubuhi halikuwapo, kisha humwuliza sikioni, "Mmefika wapi, mume wangu?"

"Bado kidogo," Chanon humjibu, na kuikumbatia ile hewa kwa nguvu zaidi.