Tuiulize Damu ya Moti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, Kariakoo ilifurika bidhaa: redio, viatu, vitenge vya nje. Wezi nao wakanoga! Basi Harshida na mumewe Chandu, wauza vitenge, wakafuga mbwa wa kulinda ua wa duka. Walimwita Moti. Alikuwa bado mdogo, mtundu, mla kandambili, na Harshida alimpenda kupita kiasi.

Asubuhi moja Moti hakuamka kumlaki. Alitapika. Akaharisha damu, na harufu yake, jamani, usiseme!

"Wezi wamemlisha sumu," alisema Chandu. "Mpe maziwa."

Dawa ya sumu ni maziwa, nani asiyejua Kariakoo? Harshida akamnywesha. Moti akatapika yote, akalegea tepetepe.

"Anateseka, Mama Nirali," Chandu alimwambia mkewe kwa huzuni. "Bora achomwe sindano, afe bila maumivu."

"Hafi mtu hapa!" Harshida alifoka. Akamfunga Moti kwenye kipande cha kitenge. Wakaenda Ilala kwa Daktari Theopista, daktari wa mifugo.

Daktari alimpima Moti, akauliza, "Amechanjwa?"

"Hatoki nje ya ua, daktari. Chanjo ya nini?"

"Hapo ndipo mlipokosea, mama. Hii si sumu. Ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Virusi huingia uani hata kwa soli za viatu vyenu. Na maziwa yamezidisha kuharisha."

"Atapona?"

"Tuiulize damu." Daktari alichota damu kidogo mguuni, akaipima kwa hadubini. "Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Virusi hivi huwamaliza. Wakipungua sana, ugonjwa ni mkali. Askari wa Moti wamebaki wachache."

"Si nilisema mimi!" Chandu alidakia.

"Subiri, baba. Kipimo kimoja hakitoshi kumkatia tamaa mgonjwa. Tumtundikie dripu, maana amekaukiwa maji. Kesho tutapima tena, tuone askari wanapanda au wanashuka."

Moti akalazwa hapo hapo na dripu yake. Kesho yake Harshida na mumewe walirudi. Daktari aliinamia hadubini. Kisha akainuka anacheka.

"Wamepanda! Mama, askari wanarudi!"

Harshida alipiga vigelegele mpaka kuku wa wateja wengine wakashtuka. Na Chandu, yule yule mtaka sindano, alilia kwa furaha bila haya.

Moti alipona. Chandu akausugua ua wote kwa dawa ya klorini. Kisha akaanza kupita mlango kwa mlango na kapu, akikusanya watoto wa mbwa wa majirani awapeleke kwa daktari.

"Mbwa wangu mzima, Chandu," alishangaa jirani yao Josepha. "Hana hata kikohozi!"

"Ndiyo maana namtaka leo, dada," alisema Chandu, akifungua kapu. "Chanjo ni ya mzima. Mlete!"