Mfarishi wa Mtoto wa Mwanahija

Swabaha alitoka kwenda kununua uzi, na adhana ya magharibi ikamkuta bado yuko dukani kwa Shaibu.

"Mweupe tena?" Shaibu aliuliza. "Juzi umechukua mweupe. Kuna mfarishi umekwisha?"

Swabaha alijichekesha, akalipa, akaondoka. Swali lile lilimchoma kuliko Shaibu alivyojua. Pale Utende hakuna asiyejua kuwa Swabaha anashona mifarishi, yale matandiko mazito ya vipande vya kanga yanayojazwa sufi ndani. Na hakuna asiyejua kuwa hamalizi. Chini ya kitanda chake kilikaa kiroba kimejaa kazi zilizokatikia njiani, na zote zilifia mahali pamoja: kwenye pindo. Akifika hapo huikunjua kazi, huitazama, akaona imepinda. Basi hufumua.

Ugonjwa huo ulimwanza siku ya maonyesho ya kinamama kule Kilindoni. Mama mmoja mgeni aliunyanyua mfarishi wake mbele za watu akauliza, "Hii kashona mtoto wa chuoni anayeanza alifu?" Watu wakacheka. Yule mama huenda alikwisha kusahau kabla hajafika kwake. Swabaha hakusahau. Kila akishika sindano alilisikia swali lile, na miaka ilivyokwenda likawa halina tena sauti ya yule mama. Likawa na sauti yake mwenyewe.

Lakini kazi ya safari hii haikuwa ya maonyesho. Mdogo wake, Mwanahija, alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajapewa majina, na sasa mimba ya tatu ilikuwa imetimia mwezi wake. "Dada," alimwambia, "nishonee mfarishi wa mtoto. Nataka nijue kuna kitu kinamngoja huku."

Mfarishi ulikuwa umefika nusu. Na Swabaha alikwisha kuufumua mara mbili.

Alishika njia ya mkato katikati ya minazi. Giza lilikuwa linaingia. Mawazo yakamjaa mpaka yakamtoka mdomoni.

"Angetokea mtu tu akanimalizia," alisema peke yake. "Ningempa atakacho."

"Kweli?"

Swabaha aliruka. Pembeni ya njia alisimama mwanamke mrefu, amejifunika buibui la kizamani, lile la kufunga kamba kichwani. Uso hauonekani vizuri.

"Assalamu alaykum," Swabaha alisema.

Yule mwanamke hakuitikia.

"Mimi hushona," alisema taratibu. "Nipe nikumalizie."

Swabaha aliona haya kuwa amesikiwa. Akacheka kicheko cha aibu, akasema neno ambalo mtu yeyote wa pwani angelisema kwa adabu tu. "Haya, karibu."

Akapita. Alipogeuka hakuona mtu. Ila harufu ilibaki njiani... karafuu maiti. Harufu ya nyumba yenye msiba.

Alikaza mwendo. Mumewe, Luqmani, alikuwa dago, kambi ya mbali ya uvuvi, na wavuvi wenzake tangu wiki iliyopita, na nyumba ilikuwa na kufuli. Swabaha alifungua, akawasha taa ya sola.

Yule mwanamke alikuwa ameketi juu ya mkeka.

Mgongo kaupa taa. Mfarishi kaupakata. Mkono unakwenda juu, unashuka. Juu... unashuka.

Swabaha alitaka kupiga kelele, asiweze. Alisimama pale mlangoni, akisikia sindano inavyotoboa kitambaa: tup... tup... tup. Adhana ya isha ilipoanza, mwanamke aliweka kazi chini, akainuka, akampita ubavuni bila kumtazama. Baridi ikampita pamoja naye.

Jambo la kufanya lilikuwa kupiga ukelele, majirani wajae. Ndilo alilokusudia. Lakini kwanza aliuokota mfarishi ili autupe nje, na taa ikaangukia juu ya mishono.

Subhanallah.

Mishono myeusi, myembamba, imenyooka kama mstari wa wino. Vipande vilivyokuwa vikimshinda wiki nzima vilikaa pamoja kana kwamba kanga ilitoka kiwandani hivyo. Swabaha aliupapasa. Hofu ilimwambia: mwite mtu. Jicho likamwambia: hebu tazama kazi.

Hakumwita mtu.

Jioni ya pili yule mwanamke alikuja, na ya tatu pia. Kati ya magharibi na isha, hana hodi, hana salamu. Swabaha alijibanza jikoni, akisoma aya alizojaliwa kuzisoma, ulimi ukimteleza. Mchana majirani waliuona mfarishi umeanikwa, wakasifu. "Leo umeamua, Swabaha! Mkono umekukaa!" Naye akatabasamu na sifa zisizo zake. Sasa ulibaki upande mmoja tu wa pindo.

Asubuhi Mwanahija alipiga simu.

"Dada, sijui nina nini. Nywele zinanyonyoka. Nikichana zinatoka kwa mafungu. Na mtoto tangu jana kapoa... hachezi kama alivyokuwa akicheza."

"Nenda hospitali, mdogo wangu. Leo hii."

"Sadick anatafuta bodaboda."

Alikuwa bado ameshika simu alipoingia Bi Mwanamkuu, jirani aliyezeekea kwenye kushona kofia. Aliitikia shikamoo ya Swabaha, akauvuta mfarishi karibu na macho. Akaugeuza. Akanusa.

"Uzi huu umenunua wapi, mwanangu?"

Bi Mwanamkuu aliuchomoa mmoja kwa kucha, akausogeza kwenye kaa la jiko.

Uzi haukuungua kama uzi. Ulijikunja, ukatoa moshi mdogo. Harufu ikajaa jikoni.

Nywele.

Nywele za mtu.

Swabaha aliufikiria utosi wa mdogo wake, zile nywele ndefu alizokuwa akizisuka yeye mwenyewe walipokuwa wadogo. Akakaa chini.

"Umempa kazi nani?" Bi Mwanamkuu alinong'ona.

Swabaha alimweleza yote. Bibi alisikiliza akirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka akawa nje ya kizingiti.

"Zamani nilimsikia mama akisema," alisema, "yuko aliyekufa na uchungu wa kuzaa, sindano mkononi, nguo ya mwanawe haijesha. Walizikwa wote wawili. Sikujua kama ni kweli, na sitaki kujua. Fumua, Swabaha, umalize mwenyewe; kazi iliyoachwa wazi ndiyo mlango wake. Mimi mikono yangu siitii humo."

Akaondoka upesi kuliko umri wake.

Swabaha alimpigia Maalim Abdulhamidu aje amsomee, akaambiwa kavuka kisiwani Juani mazikoni, harudi mpaka kesho. Alasiri Sadick, mume wa Mwanahija, akapiga. "Shemeji, wanasema mapigo ya mtoto yako chini. Wanasubiri daktari. Tuombee."

Basi akafunga mlango, akaketi palepale mkekani, akachukua wembe.

Alifumua. Kila unywele uliokatika ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Alifumua mishono mizuri kuliko yote aliyopata kuiona maishani, na ingawa alijua imetoka wapi, moyo ulimuuma kuiharibu. Nywele akazikusanya kwenye kitambaa. Kisha akatia uzi mweupe sindanoni, akaanza upya. Mshono wa kwanza ulikwenda upande.

Jua likazama. Adhana ikalia.

Harufu ya karafuu maiti ikaingia.

Hakugeuka. Alihisi mtu ameketi nyuma yake, karibu mno, magoti yakigusa mgongo wake. Baridi ikapenya gauni.

"Umepinda," sauti ilinong'ona sikioni.

Swabaha akavuta uzi.

"Watacheka... Kama siku ile. Kazi ya mtoto wa chuoni."

Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Ile sauti haikuwa ya mwanamke wa minazini. Ilikuwa yake. Ni ileile aliyoisikia miaka yote kila alipofika kwenye pindo, na sasa alijiuliza, kwa hofu iliyomfikia mifupani, tangu lini haikuwa kichwani mwake... tangu lini ilikuwa nyuma yake.

"Wewe humalizi. Hujapata kumaliza kitu. Fumua kidogo tu hapo. Kipande kile cha kijani hakikai vizuri, hukioni?"

Alikiona. Kweli hakikukaa vizuri. Mkono ukamwendea wembe wenyewe, mpaka ukaushika.

Simu ikawaka mkekani. Sadick. Ikalia, ikakata. Hakuthubutu kuipokea.

Mkono mwingine ukatokea kwapani mwake, mrefu, mkavu, ukaweka vidole juu ya vidole vyake.

"Lete nikumalizie, Swabaha. Mara ngapi umeniomba?"

Machozi yalimtoka. Alitaka kuachia. Ingekuwa rahisi, na kazi ingekuwa nzuri...

Aliutupa wembe.

"Umepinda," alisema. "Naona umepinda. Lakini ni wangu. Na mtoto ni wetu."

Akashona. Mkono ule ulimbana mpaka kucha zikaingia nyamani, naye akashona nao hivyo hivyo juu ya mkono wake, jasho na damu vikidondokea kwenye kanga. Pembe ya kwanza ya pindo. Ya pili. Nyuma yake pumzi zikawa nzito, zikawa kilio cha chini chini. Pembe ya tatu. Akafika mwisho, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno.

Kimya.

Kilio kilikatika katikati.

Simu ikalia tena. "Shemeji!" Sadick alikuwa akilia na kucheka. "Kazaliwa! Wa kike! Kachelewa kulia, tukadhani... lakini kalia, walahi kalia!"

Asubuhi Swabaha alizifukia zile nywele, akapanda bodaboda mpaka hospitali ya Kilindoni, kitambaa kimefungwa mkononi kuficha alama za kucha. Mwanahija alikuwa amejifunga mtandio, amechoka, macho yanang'aa. Aliupokea mfarishi, akapitisha kidole kwenye pindo lililokwenda kama njia ya kaa mchangani, akamfunika mwanawe.

"Mzuri, dada."

Na kwa mara ya kwanza Swabaha hakubishana. Akatoka nje kumtafutia uji.

Aliporudi, Mwanahija alikuwa akitazama mlangoni.

"Yule mama umempita?"

"Mama gani?"

"Mrefu, wa buibui. Nilidhani mmekuja pamoja. Aliinama, akaupapasa mfarishi pande zote, kama anatafuta mahali palipoachwa wazi. Asipaone. Dada, alilia! Sijapata kuona mtu mzima analia vile. Kisha akanyamaza, akaniuliza kuhusu huyu." Mwanahija alielekeza kidevu kitanda cha jirani.

Kitandani alilala msichana wa kutoka kambi ya wavuvi, hana ndugu karibu, kalala fofofo. Mtoto wake alikuwa kazungushiwa kanga moja iliyochakaa.

"Akauliza nini?" Swabaha aliuliza, bakuli la uji mkononi.

"Akauliza, 'Na huyu, nani anamshonea?' Nikasema sijui."

Swabaha aliweka uji chini. Alivua mtandio wake wa begani, akaung'ata ukingo, akauchana vipande. Akatoa sindano na uzi kwenye mkoba, akavuta kiti mpaka kati ya vitanda viwili, mgongo ukutani.

"Dada? Unafanya nini?"

Swabaha alikuwa akisikiliza ukumbini, ambako watu walipita na kupita, na hatua moja ilikuwa imesimama.

Mshono wa kwanza ulipinda. Akauacha hivyo, akaenda wa pili.